Kadi ya Michoro Inaposhukiwa: Namna ya Kuchunguza Hitilafu katika Tarakilishi Mpya

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tarakilishi mpya ni kitanda cha aina hiyo. Dukani huwashwa, kiwambo kikang'aa, mnunuzi akaridhika na kulipa. Nyumbani, baada ya siku mbili tatu za kazi yenyewe, kunguni hujitokeza: picha hukatika, kiwambo huingia giza, au mashine hujizima na kujiwasha bila kuamriwa. Hapo aghalabu lawama huangukia kadi ya michoro, kwa kuwa ndiyo inayohusika na kile ambacho macho huona.

Makala haya yananuia kueleza, hatua kwa hatua, jinsi mtumiaji asiye fundi anavyoweza kubaini iwapo kadi ya michoro ya tarakilishi yake ni mbovu kweli au inasingiziwa. Yamechochewa na kisa kilichonifika baina ya Migori na Homa Bay mnamo Aprili 2024. Huenda msomaji akajiuliza mada hii inatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni mawili. Kwanza, siku hizi utafiti wetu umo ndani ya mashine hizi: rekodi za watambaji, video za ngoma na miviga, na rasimu za tasnifu. Pili, kama itakavyobainika, sehemu kubwa ya tatizo langu ilisababishwa na neno moja la Kiswahili nililolitumia vibaya kwenye simu.

Istilahi zitakazotumika

Nchini Kenya, shule na vyombo vya habari vimelizoea neno tarakilishi, ilhali Tanzania hutumia zaidi kompyuta. Neno ngamizi nalo liliwahi kupendekezwa. Mjadala huo si wa leo. La muhimu kwetu ni kwamba juhudi kubwa za kuisemesha tarakilishi Kiswahili zilielekezwa kwenye yale yaonekanayo kwenye kiwambo. Mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na baadaye kampuni ya Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Kwa njia hiyo tulipata maneno ya kutajia faili, madirisha na menyu. Viungo vilivyomo ndani ya kasha, kwa upande mwingine, viliachiwa mafundi wa mitaani wavibatize wenyewe. Ndiyo maana fundi wa Homa Bay, anayechanganya Kiswahili, Dholuo na Kiingereza katika sentensi moja, husema "madabodi", "ramu" na "pawa saplai", na wateja wake humwelewa.

Katika makala haya, ubao mama ni ule ubao mpana ambamo viungo vyote vimechomekwa. Kichakataji ni bongo la mashine. Kadi ya michoro ni kibao chenye feni zake chenyewe, kilichochomekwa kwenye ubao mama, ambacho kazi yake ni kukokotoa picha. Kisanduku cha umeme ndicho mafundi wanachokiita pawa saplai: hupokea umeme wa ukutani, ambao hapa Kenya ni wa volti 240, na kuugeuza kuwa umeme mdogo unaofaa viungo vya ndani, hasa ule wa volti 12. Kiendeshi ni programu inayouwezesha mfumo wa tarakilishi kuzungumza na kadi. Kiwambo ni kile tunachokitazama.

Ili msomaji aelewe uzito wa kazi ya kadi, afikirie kiwambo cha kawaida chenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Hizo ni nukta 2,073,600. Kiwambo kikichorwa upya mara 60 kwa sekunde, kadi huwa inatuma rangi za nukta zaidi ya milioni 124 kila sekunde. Kazi ikiwa nyepesi, kama kuandika barua, kadi hupumzika. Video inapohaririwa, huamka, hupata joto na hula umeme mwingi. Tofauti hii baina ya kadi iliyopumzika na kadi iliyo kazini ndiyo ufunguo wa uchunguzi wote utakaofuata.

Kisa chenyewe

Nilinunua tarakilishi ya mezani katika duka moja mjini Homa Bay, nikiwa nimeweka akiba kwa zaidi ya mwaka. Nilihitaji yenye kadi ya michoro kwa sababu tasnifu yangu inahusu utendaji wa ngano, na nilikuwa na saa nyingi za video za watambaji wazee zilizopaswa kukatwa, kupangwa na kunukuliwa. Wawili kati ya wazee hao walikuwa wameshafariki. Rekodi zao zilikuwa salama kwenye diski nyingine, ila nilikuwa nimeahidi kumwonyesha msimamizi wangu sura ya kwanza ya uchanganuzi kabla ya mwisho wa Mei.

Nilipanda matatu na kasha langu, nikapitia Rodi Kopany, Rongo na Awendo hadi Migori. Siku ya kwanza niliandika, na mambo yakawa shwari. Siku ya pili nilifungua video. Baada ya takriban dakika kumi na tano kiwambo kikaingia giza. Nikazima, nikawasha, nikaendelea, giza likarudi. Jioni nikampigia simu fundi wa duka.

"Fundi, hii mashine haiwaki," nikamwambia.

"Haiwaki kabisa, mwalimu?"

"Haiwaki. Ni giza tupu."

"Basi hiyo ni kadi imeungua. Mvua zimeanza, na umeme wa huko si wa kuaminika. Waranti haishughuliki na mambo ya umeme."

Kadi mpya ingenigharimu karibu nusu ya bei niliyolipia tarakilishi nzima. Sikuwa nazo hizo pesa. Nilikuwa na waranti ya siku thelathini tu ya kurudisha kifaa, na tayari muuzaji alikuwa ameandika katika daftari lake kwamba kimeunguzwa na umeme. Ilinibidi nithibitishe ama kadi ilikuja ikiwa mbovu, au si mbovu kabisa. Hatua zifuatazo nilizipanga kutoka ile isiyogharimu chochote hadi ile inayohitaji msaada wa wengine, na huo ndio mpangilio ninaompendekezea msomaji.

Hatua ya kwanza: Kueleza dalili kwa usahihi

Kabla ya kugusa chochote, chukua daftari uandike kinachotokea. Hitilafu hutokea lini: punde mashine inapowashwa, au baada ya muda? Ulikuwa ukifanya kazi gani? Feni zinaendelea kuzunguka au zimenyamaza? Sauti ya muziki inaendelea kusikika au imekatika? Kiwambo kinaandika ujumbe wowote? Dalili mbalimbali huelekeza kwa washukiwa mbalimbali, kama ifuatavyo:

(i) Nukta za rangi zilizotapakaa, mistari, au maumbo yaliyopinda kiajabu: mshukiwa wa kwanza ni kumbukumbu ya kadi yenyewe, hasa iwapo maumbo hayo huonekana hata kabla mfumo haujapakiwa.

(ii) Giza tangu mwanzo, likiandamana na milio mifupi kutoka kwenye ubao mama: huenda kadi haijakaa vyema mahali pake, au haitambuliwi.

(iii) Picha inayotetemeka au kupoteza rangi moja: shuku waya au kiwambo.

(iv) Picha inayoonekana, lakini ikiwa na maandishi makubwa na miondoko mizito: shuku kiendeshi.

(v) Giza au kujiwasha upya wakati wa kazi nzito tu: shuku joto au umeme usiotosha.

Nilipoyapitia haya, niligundua kwamba mashine yangu ilikuwa ikiwaka vizuri kabisa. Feni zilizunguka, taa zilimulika, na kiwambo chenyewe kiliandika kwamba hakipokei ishara. Mara mbili ilijizima na kujiwasha. Sikuwahi kuona nukta wala mistari. Kwa hiyo neno "haiwaki" nililompa fundi lilikuwa uongo, japo sikukusudia kudanganya.

Hatua ya pili: Kiwambo, waya na tundu

Ujumbe wa kukosa ishara ni ushahidi kwamba kiwambo ki hai. Bado waya unaweza kuwa na kasoro. Jaribu waya mwingine, na ukiweza jaribu kiwambo kingine. Televisheni yenye tundu la HDMI inatosha. Hakikisha pia kwamba umechomeka waya kwenye tundu la kadi na si la ubao mama. Nyuma ya kasha la kawaida, matundu ya ubao mama hupangwa wima karibu na yale ya kibodi na kipanya. Ya kadi huwa chini yake, yamelala. Watu wengi wamelalamikia kadi ambayo hawajawahi kuitumia.

Kuna jaribio jingine jepesi kwa wale wanaoona nukta au mistari. Piga picha ya skrini kwa kitufe cha kibodi, uihifadhi, kisha uitazame kwenye simu au mashine nyingine. Kasoro ikionekana ndani ya picha hiyo, imetokea wakati wa kukokotoa, yaani kwenye kadi au kiendeshi. Picha ikiwa safi, kasoro imetokea njiani: kwenye tundu, waya au kiwambo.

Kwangu, televisheni ya nyumbani ilionyesha giza lile lile baada ya muda ule ule. Kiwambo na waya vikaondolewa katika orodha.

Hatua ya tatu: Kiendeshi

Tarakilishi mpya mara nyingi huuzwa na kiendeshi cha zamani au kilichosakinishwa nusunusu. Katika Windows, orodha ya vifaa huonyesha alama ya onyo kando ya kadi yenye tatizo. Msimbo 43, kwa mfano, maana yake ni kwamba mfumo umekisimamisha kifaa kwa sababu kimeripoti hitilafu. Msimbo huo haumtaji mkosaji, kwani huweza kutokana na kiendeshi au na kadi yenyewe. Giza likiingia, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B, ambavyo huanzisha upya kiendeshi. Picha ikirudi, tatizo huenda ni la programu.

Ondoa kiendeshi kilichopo, kisha usakinishe kipya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi. Unaweza pia kuingia katika ukurasa wa BIOS, ambao hutangulia mfumo na hautumii kiendeshi chochote, uuache wazi kwa nusu saa. Kasoro ikijitokeza hapo, kiendeshi hakina hatia. Tahadhari hapa: kasoro isipojitokeza, usikimbilie kulaumu kiendeshi, kwani katika BIOS kadi imepumzika. Kasoro inayozuka wakati wa kazi nzito haiwezi kuonekana hapo.

Nilibadilisha kiendeshi. Giza likarudi katika dakika ya kumi na tatu.

Hatua ya nne: Joto, vumbi na wadudu

Kadi iliyo kazini hufikia nyuzijoto 70 au 80 bila madhara. Ikipanda kupita kiwango chake hujipunguzia kasi, na hatimaye hujizima ili isiungue. Zipo programu za bure zinazoonyesha joto hilo. Ufuoni mwa Ziwa Victoria tuna matatizo yetu: hewa yenye unyevu, vumbi la kiangazi, na wale nzi wadogo wa ziwani ambao huja kwa makundi kama mawingu, wakifuata mwanga. Mashine inayowashwa usiku karibu na dirisha lililo wazi huwavuta hadi ndani ya feni. Mashine mpya haijapata muda wa kujaa vumbi, lakini feni inaweza kuwa imezuiwa na waya uliolegea, au kasha likawa limesukumwa hadi ukutani.

Niliacha kipimo cha joto wazi nilipokuwa nikihariri. Giza lilipoingia, namba ya mwisho niliyoiona ilikuwa 66. Joto halikuwa sababu.

Hatua ya tano: Mkao wa kadi na nyaya za umeme

Hatua hii inahitaji kufungua kasha. Kwanza hakikisha hakuna kibandiko cha waranti kitakachochanika. Kikiwepo, mwombe muuzaji ruhusa kwa maandishi. Chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliosalia uishe, kisha gusa chuma kitupu cha kasha ili kuondoa umemetuli mwilini. Kisanduku cha umeme chenyewe kisifunguliwe kamwe, kwa maana vihifadhi umeme vilivyomo ndani huweza kumdhuru mtu hata baada ya kuchomolewa.

Chomoa kadi na uirudishe hadi usikie kibano kikifunga. Safari ya matatu kwenye matuta inatosha kuilegeza kadi nzito. Angalia pia waya wa umeme unaoingia kwenye kadi. Tundu la ubao mama huipa kadi wati 75 tu. Waya wa pini sita huongeza wati 75, na wa pini nane wati 150. Waya huo ukilegea, kadi huweza kufanya kazi nyepesi bila shida na kushindwa kazi nzito.

Niliirudisha kadi, nikakaza waya wake wa pini nane. Hali haikubadilika. Kufikia hapo nilikuwa karibu kukubaliana na fundi.

Hatua ya sita: Kubadilishana viungo

Jaribio la kukata shauri ni kuitia kadi yako katika mashine nzima, na kuitia kadi nzima katika mashine yako. Kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vitu viwili kwa pamoja akapona hatajua ni dawa ipi iliyomponya. Matokeo huwa ya aina nne.

Kwanza, kasoro ikiifuata kadi, kadi ina hatia. Pili, kasoro ikibaki na mashine, kadi haina hatia. Shuku kisanduku cha umeme, ubao mama au kumbukumbu. Tatu, kasoro ikijitokeza pande zote mbili, tafuta kilichotumika kotekote, kama waya, kiwambo au soketi. Nne, kasoro isipojitokeza popote, ama kadi ilikuwa imelegea, au tatizo halimo katika kiungo kimoja bali katika uhusiano wa viungo viwili.

Nilikwenda Rongo kwa mwanafunzi mwenzangu mwenye tarakilishi yake. Kadi yangu tuliitia katika mashine yake. Tulihariri video kwa saa tatu na haikutetereka. Kadi yake tuliitia katika mashine yangu, nayo ikafanya kazi saa tatu bila giza. Tulitazamana. Kadi zote nzima, mashine zote nzima, ila kadi yangu na mashine yangu haziwezi kuishi pamoja.

Ni mwenzangu aliyeona tulichokisahau. Kadi yake ilikuwa ya zamani na ndogo, haikuwa hata na tundu la waya wa ziada, kwa hiyo haikuweza kuchota zaidi ya zile wati 75 za ubao mama. Mashine yangu ilikuwa imebebeshwa mzigo mwepesi. Laiti tungefanya jaribio hilo moja tu, tungeihukumu kadi yangu bila kosa.

Basi tukasoma kibandiko cha kisanduku cha umeme. Kwa maandishi makubwa kilijitangaza kuwa cha wati 500. Kwa maandishi madogo, katika jedwali lililo chini, njia ya volti 12 ilipewa ampea 18. Hesabu ni nyepesi: 12 mara 18 ni wati 216. Kadi na kichakataji hulishwa kwa njia hiyo. Kadi yangu, kwa maelezo ya mtengenezaji, hula hadi wati 170, na kichakataji kimeandikiwa wati 65. Jumla ni 235, kabla ya kuhesabu feni na diski. Mashine ilikuwa ikitakiwa kutoa ambacho haina. Ilipokuwa ikiandika barua, ilitosheka. Ilipoanza kuhariri, ilizirai.

Tuliazima kisanduku cha umeme cha mwenzangu, tukakitia katika mashine yangu pamoja na kadi yangu. Saa mbili zikapita salama. Tukarudisha kile cha awali, na giza likaingia katika dakika ya kumi na moja. Jaribio la kurudisha kiungo cha zamani wengi hulipuuza, lakini ndilo linalotofautisha ushahidi na bahati.

Umeme wa ukutani na haki ya mnunuzi

Fundi hakuwa mjinga kushuku umeme. Mvua za masika huja na radi kutoka ziwani, na taa kufifia ni jambo la kila wiki. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani. Kifaa cha kulinda dhidi ya mrusho wa umeme ni cha lazima kwa kila mwenye tarakilishi katika eneo hili. Hata hivyo, shaka ya jumla haitoshi kuwa hukumu ya kifaa mahususi. Umeme ukiunguza kiungo, kiungo hicho hakifanyi kazi saa tatu mfululizo huko Rongo.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na ipo Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012. Haki hizi ni nzuri, lakini kaunta ya duka haina hakimu. Anayekwenda pale na daftari lenye tarehe, saa na matokeo ya kila jaribio huenda na kitu ambacho muuzaji anaweza kukikagua.

Siku ya ishirini na mbili nilirudi Homa Bay. Safari hii sikusema "haiwaki". Nilisema: "Fundi, inawaka, inaonyesha, kisha inapoteza picha baada ya dakika kumi na tano za kazi nzito, feni haziachi kuzunguka. Kadi ni nzima. Naomba tuijaribu hapa, kwa umeme wako." Tuliiwasha kwenye kaunta, tukafungua video, tukaagiza chai. Kabla chai haijaisha, kiwambo kikaingia giza. Fundi akainama, akasoma kibandiko, akakaa kimya kidogo, kisha akafuta maandishi yake katika daftari. Kisanduku cha umeme kilibadilishwa kwa kingine chenye uwezo mkubwa, bila malipo.

Suala la lugha

Nimeyatafakari mazungumzo yetu ya kwanza mara nyingi. Fundi aliuliza swali zuri: "Haiwaki kabisa?" Kielezi hicho, "kabisa", kilikuwa kimebeba uchunguzi mzima. Mimi, ambaye husahihisha insha za wengine kwa kalamu nyekundu, nilijibu ovyo. Kutokana na jibu langu alifanya makisio ambayo fundi yeyote angeyafanya.

Kiswahili hakikosi maneno ya kutofautisha hali hizi. Mashine isiyowaka haina dalili yoyote ya uhai. Mashine inayowaka bila kuonyesha ina feni na taa lakini haina picha. Mashine inayoganda huonyesha picha isiyosonga. Mashine inayojiwasha upya hukata yote na kuanza tena. Vitenzi hivi vyote ni vya kawaida. Tunachokosa ni mazoea ya kuvitumia kwa makini nje ya darasa la fasihi, na pengine imani kwamba lugha hii inafaa kazi hiyo. Tumezoea kudai kwamba Kiswahili kinaweza kufundishia sayansi. Madai hayo huthibitishwa zaidi kwenye kaunta ya fundi kuliko kwenye kongamano.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kadi ya michoro ni mshukiwa wa kwanza, lakini si lazima iwe mkosaji. Anayechunguza aanze kwa kueleza dalili, kisha akague waya na kiwambo, kiendeshi, joto, mkao wa kadi na umeme wake, na hatimaye abadilishane viungo kimoja kimoja, akikumbuka kwamba jaribio la mzigo mwepesi haliwezi kuhukumu mashine inayoshindwa na mzigo mzito.

Limebaki jambo moja la kukiri. Kibandiko kile kilikuwepo tangu siku ya kwanza, kimebandikwa mahali ambapo ningekisoma punde tu nilipofungua kasha. Kilikuwa na jibu lote, katika mstari mmoja wa jedwali. Nimefunzwa miaka mingi kwamba uhakiki huanza kwa kusoma matini yenyewe kabla ya kusikiliza maoni ya wengine juu yake. Nilisikiliza maoni kwanza. Sura ya kwanza ya tasnifu ilimfikia msimamizi wangu tarehe 30 Mei, na sauti za wale wazee wawili zimo ndani yake.